Luigi Broglio: Mhandisi aliyerusha setilaiti tisa kutoka Ungwana bila kupoteza hata moja

KATIKA miaka ya 1960, wakati mvua ya mawe ilipokuwa ikipukutisha majani ya chai huko Kericho, wenye mashamba makubwa walijaribu njia ambayo leo huenda ikawashangaza vijana. Roketi ndogo zilizojazwa baruti zilirushwa kuelekea mawinguni, kwa matumaini kwamba mlipuko wake ungevunja vipande vya barafu kabla havijaangukia mashamba. Baadaye kazi hiyo ilifanywa na ndege zilizotawanya kemikali ndani ya mawingu. Nyanda za Kericho na Nandi zinajulikana kote duniani kwa wingi wa mvua ya mawe, na mkulima yeyote wa Bomet anafahamu kwamba dakika chache za dhoruba hiyo zatosha kumnyima mavuno ya majuma kadhaa.

Muongo uo huo, upande wa pili wa nchi, roketi za aina nyingine kabisa zilikuwa zikipaa kutoka Bahari ya Hindi. Katika Ghuba ya Ungwana, mkabala wa kijiji cha Ngomeni kaskazini mwa Malindi, majukwaa mawili ya chuma yalikuwa yamesimikwa baharini. Kutoka hapo, kati ya mwaka 1967 na 1988, setilaiti tisa zilirushwa na zote tisa zikafika katika njia zake kuizunguka dunia. Mtu aliyebuni mpango huo, akauongoza na kuusimamia kwa zaidi ya robo karne ni Profesa Luigi Broglio wa Italia.

Jina lake limebandikwa kwenye kituo cha anga cha Malindi, lakini Wakenya wengi hawajui alikuwa nani. Maisha yake yanastahili kusimuliwa upya, hususan wakati huu ambapo Kenya inajitafutia nafasi yake katika shughuli za anga za juu. Yanastahili pia kusikika katika nchi ya chai, ambako kila anayefanya kazi kiwandani anaelewa kwamba mtambo mzuri unaweza kuangushwa na mkono mmoja uliosahau jambo dogo.

Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba, 1911, mjini Mestre, ng'ambo ya maji kutoka Venice. Angali mtoto mdogo, familia yake ilihamia Roma, na huko ndiko alikokulia na kusomea. Mwaka 1934 alihitimu katika Chuo Kikuu cha Roma akiwa mhandisi wa ujenzi. Miaka michache baadaye aliingia katika kikosi cha wahandisi wa Jeshi la Anga la Italia, akapelekwa Guidonia, karibu na Roma, palipokuwa na kituo cha utafiti wa ndege. Kwa hivyo tangu ujana wake alikuwa na miguu miwili: mmoja chuoni, mwingine jeshini. Alikuja kuwa profesa na jenerali kwa wakati mmoja, na tabia za kazi zote mbili zilimfuata hadi Ungwana.

Mwaka 1952 alikabidhiwa uongozi wa shule ya uhandisi wa ndege ya Chuo Kikuu cha Roma, akimrithi Gaetano Arturo Crocco, mmojawapo wa waasisi wa elimu ya urushaji nchini Italia. Miaka minne baadaye, akiwa mkuu wa kitengo cha utafiti cha Jeshi la Anga, alishiriki kuanzisha uwanja wa kurushia makombora wa Salto di Quirra katika kisiwa cha Sardinia. Ni huko ambako Waitaliano walijifunza kurusha roketi ndogo za kupima hewa ya juu, zile zinazopaa kwa dakika chache kisha kuanguka baharini.

Ikumbukwe kwamba hicho kilikuwa kipindi cha pupa. Umoja wa Kisovieti ulikuwa umerusha Sputnik mwaka 1957, na Marekani ilikuwa ikimkimbiza mpinzani wake bila kupumzika. Pupa hiyo ilikuwa na gharama. Tarehe 24 Oktoba, 1960, katika uwanja wa Baikonur, mafundi walikuwa wakirekebisha kombora lililokwisha kujazwa mafuta, huku Jemadari Mitrofan Nedelin akiwa ameketi karibu ili kuharakisha kazi. Swichi iliyoachwa mahali pasipofaa iliwasha injini ya sehemu ya pili ya kombora, na moto ukawateketeza makumi ya watu, Nedelin mwenyewe akiwa miongoni mwao. Wakuu wa Moscow waliificha habari hiyo kwa karibu miaka 30.

Ilhali hali ilikuwa hivyo, Broglio alichagua mwendo wa kinyonga. Mwaka 1961 aliwasilisha kwa serikali ya Waziri Mkuu Amintore Fanfani mpango alioupa jina la San Marco, yaani Mtakatifu Marko, msimamizi wa mji wa Venice. Serikali iliukubali mwaka huo huo, na mwaka 1962 Italia ikatia saini mkataba na shirika la anga la Marekani, NASA. Marekani ingetoa roketi aina ya Scout pamoja na mafunzo, nayo Italia ingetengeneza setilaiti, kuandaa uwanja na kurusha kwa mikono yake yenyewe.

Mpango uligawanywa katika hatua tatu. Kwanza, roketi ndogo zingerushwa kutoka jukwaa la baharini ili kujaribu uwanja wenyewe na watu wake. Pili, Waitaliano wangerusha setilaiti yao ya kwanza nchini Marekani, katika uwanja uliozoeleka. Hatimaye, mambo hayo mawili yangeunganishwa: setilaiti ya Kiitaliano, kutoka jukwaa la Kiitaliano, katika pwani ya Kenya. Mgeni wa kazi hakutwishwa mizigo miwili mipya kwa siku moja.

Roketi ya Scout ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 20 na sehemu nne zilizopangwa moja juu ya nyingine, zote zikitumia fueli kavu. Fueli ya aina hiyo huhifadhika kwa urahisi na haihitaji matangi wala mabomba, sifa inayoifaa sana kazi ya baharini. Hata hivyo ina tabia moja ya kutisha: ikishawashwa haizimiki. Makosa yote lazima yagunduliwe kabla ya kuwasha, kwa maana baada ya hapo binadamu hana la kufanya ila kutazama, au kuilipua roketi yake mwenyewe.

Nayo Scout ya siku za mwanzo ilikuwa na sifa mbaya. Ilifaulu leo, ikaanguka kesho. Mnamo Julai 1963, roketi moja iliharibika muda mfupi tu baada ya kuondoka katika kisiwa cha Wallops, jimbo la Virginia. Wahandisi wa NASA waliokaa kuchunguza mikasa hiyo walikumbana na fumbo: kila roketi iliyoanguka ilikuwa imeangushwa na sababu yake, na hakuna mbili zilizofanana. Kama kungalikuwa na kifaa kimoja kibovu, wangalikibadilisha wakamaliza. Kwa kuwa hakikuwapo, iliwabidi waangalie jinsi watu walivyofanya kazi.

Waligundua kwamba kazi ile ile ilifanywa kwa namna tofauti kiwandani Dallas, tofauti Wallops na tofauti tena katika uwanja wa California. Kila kundi lilikuwa na mazoea yake. Fundi aliyepokea kazi kutoka kwa mwenziwe alidhani jambo fulani limekwisha kukaguliwa, kumbe mwenziwe naye alidhani litakaguliwa mbele. Dawa iliyotolewa haikuwa ya ajabu. Roketi zilizokuwepo zilirudishwa kiwandani na kukaguliwa upya, utaratibu mmoja ukaandikwa na kutumika kila mahali, na kila hatua ikawekewa mtu wa kuithibitisha. Baada ya hapo Scout iligeuka kuwa mojawapo ya roketi za kutegemewa zaidi za zama zake.

Msomaji wa Kericho hahitaji kupelekwa Virginia ili kuyaelewa haya. Majani mawili na chipukizi yanapowasili kiwandani huwekwa yanyauke kwa saa nyingi, kisha husagwa, huachwa yachachuke kwa muda uliopimwa, na mwishowe hukaushwa. Hatua zenyewe ni chache na kila mfanyakazi anazijua. Lakini zamu ya usiku inapoikabidhi zamu ya asubuhi bila kueleza majani yaliingia saa ngapi, chai yote ya siku hiyo yaweza kuharibika, na wala si kwa sababu ya mtambo. Mara nyingi lawama humwangukia karani au kibarua wa mwisho kuonekana hapo. Anafukuzwa, mwingine anaajiriwa, na baada ya miezi michache kosa lile lile linarudi kwa sababu pengo lililolizaa halikuzibwa.

Wahandisi wa Broglio walifika Marekani kwa mafunzo wakati uo huo ambapo somo hilo lilikuwa bado moto. Waliingia katika utaratibu mpya tangu mwanzo, bila mazoea ya zamani ya kuacha. Tarehe 15 Desemba, 1964, wakiwa Wallops, walirusha wenyewe San Marco 1, setilaiti ya kwanza ya Italia. Ilikuwa na uzito wa kilo 115 hivi, na ndani yake mlikuwa na kifaa alichokibuni Broglio mwenyewe cha kupimia wepesi wa hewa ya juu kabisa. Gamba la nje la setilaiti liliunganishwa na kiini kizito cha ndani kwa viungo vya kunepa. Hewa, hata ikiwa haba namna gani, ililisukuma gamba, na msogeo huo mdogo ukapimwa. Wanasayansi walikipa kifaa hicho jina la mizani ya Broglio.

Wakati huo Kenya ilikwisha kuingia katika hesabu. Broglio alitaka mahali karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa ziada wa takriban mita 465 kwa sekunde, na ambapo upande wa mashariki kuna bahari tupu ili sehemu zinazodondoka zisimwangukie mtu. Ghuba ya Ungwana ilikuwa na yote mawili. Jukwaa la kwanza, Santa Rita, lilikuwa la kuchimbia mafuta, na lilipewa jina la mtakatifu ambaye Wakatoliki humwomba katika mambo yanayoonekana kutowezekana. Roketi ndogo ya kwanza iliruka kutoka hapo mnamo Machi 1964, miezi michache tu baada ya Kenya kupata uhuru. Jukwaa kubwa la San Marco, lililoundwa kutokana na gati ya zamani ya jeshi la Marekani, lilifuata.

Mpangilio wa majukwaa hayo wenyewe ulikuwa kinga dhidi ya makosa. Roketi ilisimama San Marco, na waongozaji wakakaa Santa Rita, nusu kilomita hivi kutoka hapo, wakiunganishwa nayo kwa nyaya zilizopita chini ya maji. Saa ya kurusha ilipokaribia, kati ya binadamu na moto palikuwa na bahari. Yaliyowakuta mafundi wa Baikonur, kuzunguka kombora lililo tayari kuwaka, yasingeweza kutokea kirahisi mahali ambapo kurudi kwenye roketi kulihitaji chombo cha majini.

Ilipowadia zamu ya kurusha setilaiti ya kwanza kutoka Kenya, ulimwengu wa anga ulikuwa matangani. Tarehe 27 Januari, 1967, Wamarekani watatu, Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee, walikuwa wameteketea ndani ya chombo cha Apollo kilichokuwa bado ardhini, katika zoezi lililohesabiwa kuwa halina hatari kwa vile roketi haikuwa na mafuta. Tarehe 24 Aprili mwaka huo, Vladimir Komarov wa Umoja wa Kisovieti aliuawa chombo chake, Soyuz 1, kilipogonga ardhi baada ya parachuti kukataa kufunguka. Siku mbili baadaye, tarehe 26 Aprili, Broglio na watu wake waliiwasha Scout yao baharini. San Marco 2 ilipaa na kuingia katika njia iliyokaribia sana mstari wa ikweta. Kwa mara ya kwanza katika historia, setilaiti ilikuwa imerushwa kutoka baharini.

Mafanikio hayo yaliwafanya Wamarekani wenyewe kubisha hodi. Tarehe 12 Desemba, 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, wahandisi wa Broglio waliirushia NASA setilaiti ya takriban kilo 140 iliyokusudiwa kutafuta miale ya eksirei kutoka nyota za mbali. Marjorie Townsend, mhandisi aliyesimamia mradi huo upande wa Marekani, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya nchi iliyoikaribisha. Setilaiti hiyo iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo na kuwapa wanasayansi ushahidi mzito wa kwanza kwamba kuna mashimo meusi angani. Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia aliyeongoza utafiti huo, alitunukiwa Nishani ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002. Neno la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote kwa sababu ya kazi iliyofanyika Ungwana.

Zilifuata nyingine: mbili mwaka 1971, moja mwaka 1972, mbili mwaka 1974, zikiwemo setilaiti ya Uingereza iitwayo Ariel 5, na moja mnamo Mei 1975. Kisha kukawa na kimya kirefu hadi tarehe 25 Machi, 1988, ilipopaa San Marco ya mwisho.

Ni kweli kwamba setilaiti tisa ni idadi ndogo, na mtu mwenye insafu atakiri kwamba bahati nayo ilikuwa na fungu lake. Lakini yaliyotokea kwingine baada ya hapo yanaonyesha kwamba bahati peke yake haitoshi. Mnamo Septemba 2003, huko California, setilaiti ya hali ya hewa ilianguka sakafuni mafundi walipokuwa wakiilaza. Boliti 24 zilizopaswa kuishikilia zilikuwa zimeondolewa na kundi jingine bila kuandikwa, na waliofuata walitia sahihi kwamba wamekagua ilhali hawakukagua. Kuikarabati kuligharimu dola milioni 135. Mnamo Julai 2013, roketi ya Urusi aina ya Proton ilipinduka angani sekunde chache baada ya kuondoka kwa sababu vipima mgeuko vyake vilifungwa juu chini.

Mkasa unaomhusu Broglio kwa karibu zaidi ulitokea Novemba 2020. Roketi ya Vega, iliyoundwa na Waitaliano na ambayo ni kama mjukuu wa ndoto yake, ilipotea dakika chache baada ya kurushwa kutoka Guyana ya Ufaransa. Uchunguzi ulibaini kwamba nyaya za kuelekeza injini ya sehemu ya nne zilikuwa zimeunganishwa kinyume. Kompyuta iliagiza kulia, injini ikaenda kushoto. Setilaiti mbili, moja ya Uhispania na nyingine ya Ufaransa, ziliteketea pamoja na kazi ya miaka mingi. Taifa lililojifunza umakini baharini mwetu lilikumbushwa kwamba umakini haurithiwi kama shamba; hauna budi kupandwa upya katika kila kizazi.

Broglio hakuishi kuyaona hayo. Miaka yake ya mwisho kazini haikuwa na utulivu. Alitamani kuwa na Scout yenye nguvu zaidi itakayoendeleza kazi ya Ungwana, lakini shirika jipya la anga la Italia, lililoundwa mwaka 1988, lilielekea kwingine. Roketi za Scout zenyewe zilistaafishwa mwaka 1994. Majukwaa yaliachwa yaliwe na chumvi, na kituo cha nchi kavu kikabaki kufuatilia na kupokea habari za setilaiti zilizorushwa kwingineko. Profesa huyo alifariki Roma tarehe 14 Januari, 2001, akiwa na umri wa miaka 89. Kituo cha Malindi kilipewa jina lake baada ya kifo chake.

Si haki kumaliza simulizi hii bila kutaja upande wa Kenya. Kwa miaka mingi kumekuwa na malalamiko kwamba nchi hii ilitoa bahari na ardhi, lakini ikaambulia faida kidogo, na kwamba vijana wa Ngomeni walizishuhudia roketi zikiruka bila kufundishwa jinsi zinavyorushwa. Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia ulitiwa saini mwaka 2016, na mwaka uliofuata Kenya ikaunda shirika lake la anga. Mwaka 2018, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga, matunda ya ushirikiano na Chuo Kikuu cha Roma, kilekile cha Broglio. Mnamo Aprili 2023, Taifa-1 ilirushwa kutoka Marekani.

Pamekuwa na matumaini ya kuzirejesha roketi katika pwani yetu. Iwapo siku hiyo itafika, wengi watauliza juu ya fedha, mitambo na mikataba. Broglio angestahili kuulizwa jambo jingine: nani ataandika utaratibu, nani atathibitisha kwamba umefuatwa, na je, fundi mdogo atakayeona hitilafu atakuwa na ruhusa ya kusimamisha kazi mbele ya mkubwa aliye na haraka? Huko Baikonur mwaka 1960 hapakuwa na fundi aliyethubutu kumwambia jemadari asubiri.

Swali hilo halihitaji majukwaa ya bahari. Linaweza kuulizwa usiku wa leo katika kiwanda chochote cha chai cha Kericho au Bomet, pale zamu moja inapovua aproni na nyingine kuingia, na majani yaliyopimwa jioni yangali yananyauka kwenye vitanda vyake.